Malipo Sabini na Tisa Yasiyohesabika

Wewe unayesoma hapa ulimwona Verlene Stidham Alhamisi ile, ameketi ndani ya gari lake nje ya hospitali ya kaunti, simu sikioni, machozi mashavuni, nawe ukageuza uso ukajifanya unatafuta funguo. Usikane. Mji wetu ni mdogo, tunajuana mpaka kwa kikohozi.

Basi sikia ulichokikwepa.

Verlene ni nesi wa chumba cha dharura. Alisoma kwa mkopo wa serikali, na serikali ilimwahidi hivi: fanya kazi kwa mwajiri wa umma, lipa kila mwezi, ukifikisha malipo mia na ishirini deni linalobaki tunakusamehe. Miaka kumi hiyo. Alhamisi ile alikuwa ameshalipa malipo ya mia na ishirini, na nyumbani keki ilikuwa inapoa dirishani.

“Mama, malipo yako nayaona yote,” kijana wa simu wa ofisi ya mikopo alimwambia, baada ya kumsikilizisha muziki dakika hamsini. “Yanayohesabika ni arobaini na moja.”

“Arobaini na moja ya nini? Nimelipa mia na ishirini!”

“Umelipa, ndiyo. Lakini haya sabini na tisa, mwajiri wako hakuwa wa umma.”

“Wee kaka, mimi sijahama. Mlango ni uleule, hata kitanda namba nne kinalia vilevile.”

“Tazama karatasi zako za kodi, mama. Namba ya mwajiri.”

Karatasi zilikuwa kitini, amezileta pamoja na fomu za kutiwa sahihi. Akazipekua. Mwaka wa nne namba imebadilika. Kaunti ilikuwa imewakabidhi wauguzi wote kwa kampuni binafsi, kisha ikawakodi tena kutoka kwa kampuni hiyo. Sare haikubadilika, wala kitambulisho, wala paja la nguruwe wanalogawiwa kila Krismasi. Nani angeshtuka? Lakini tuliozaliwa milima hii ya Kentucky hatuna haki ya kushangaa. Babu zetu walichimba makaa wakalipwa vipande vya bati visivyonunua kitu ila katika duka la kampuni. Wajukuu wao wamevalishwa sare safi, basi.

Utauliza kwa nini hakupeleka fomu za kuthibitisha mwajiri kila mwaka, angeligundua mapema. Alitaka. Mwaka wa kwanza kabisa alimpelekea Bi. Tressie Combs wa ofisi ya wafanyakazi, naye akamwambia, “Acha zijae, mwanangu, nitazisaini zote siku moja.” Verlene akaacha. Huku kwetu, ukimdai maandishi mtu mnayekaa naye benchi moja kanisani, umemwita mwongo mbele za watu. Ndivyo tunavyopigwa, kwa adabu zetu wenyewe.

Akashuka garini, akaingia ofisini bila kubisha. Bi. Tressie alikuwa anakula maharage na mkate wa mahindi.

“Ulijua?”

“Kujua nini, mwanangu? Mbona macho mekundu hivyo?”

“Namba hii hapa. Imenibakiza na malipo arobaini na moja.”

Bi. Tressie akavaa miwani, akaivua. “Wakubwa walisema ni mambo ya mahesabu tu. Wakasema tusiwachanganye.”

“Msituchanganye! Mmenila miaka sita na miezi saba ili nisichanganyikiwe?”

“Usinipigie kelele, Verlene. Nimekufundisha shule ya Jumapili huna hata meno.”

“Na ulinifundisha nini? Kunyamaza?”

Kijiko kikawekwa chini.

“Kuna hospitali kule mjini Lexington,” Verlene akasema, sauti imeshuka. “Ile ya shirika lisilo la faida, nayo inahesabiwa kama ya umma. Wamenipigia mara mbili. Huko malipo yangu yanaanza kuhesabika mwezi ujao. Mama hataki kuhama, na mashine yake ya hewa nani ataiangalia? Niambie, Bi. Tressie. Nimwache mama au nife na deni?”

“Mkataba wa kampuni unakwisha mwezi huu,” Bi. Tressie akanong'ona. “Jumanne baraza la kaunti linapiga kura kuuongeza miaka mitano. Mkataba ukikataliwa, mnarudi kwa kaunti. Utaendelea na malipo ya arobaini na mbili.”

“Ya arobaini na mbili! Kwa umri huu!”

“Ndilo lililopo, mwanangu.”

“Basi niandikie. Yote waliyokwambia msiseme, na aliyesema. Sasa hivi.”

Bi. Tressie akamtazama kama aliyezabwa kofi. Kisha akavuta kalamu, akaandika kurasa mbili, akatia sahihi.

Verlene amewaonyesha wenzake kurasa hizo. Kumi na wanne wana namba ileile, na mmoja alikuwa amebakiza malipo mawili tu. Jumanne atazisoma barazani. Barua yake ya kuacha kazi imeshaandikwa, ina tarehe ya Jumatano. Wakiuongeza mkataba anaikabidhi, nawe ukishikwa na kifua utaendeshwa saa mbili na nusu kutafuta nesi.

Wajumbe ni watano, na wawili wameshakula chakula cha kampuni. Waliobaki wanaogopa kura yako. Kwa hiyo usiikunje karatasi hii. Mpigie mjumbe wako simu sasa, akiwa mezani na wanawe, umwambie akatae mkataba. Kisha Jumanne, saa kumi na mbili jioni, uwe ndani ya ukumbi wa kaunti, kiti cha mbele, na usitoke mpaka mikono ihesabiwe.