Uwele Kiwanjani

Timu ya wasichana ya chuo chetu cha ualimu ilimaliza msimu wa mwaka 1994 ikiwa ya mwisho mkoani katika mpira wa wavu, tena kwa tofauti kubwa ambayo hata waliotupenda hawakuweza kuipunguza kwa maneno. Michezo saba, vipigo saba. Mimi nilikuwa mlezi wao. Kazi yangu hasa ilikuwa ya maktaba, lakini nilipewa ulezi huo kwa sababu nilikuwa na ndevu nyeupe ambazo wazazi wangeziamini safarini. Wasichana waliniita Maalim Mbwana, na mchezo wenyewe niliujua kwa kuutazama tu.

Wiki ya kufunga chuo, mwishoni mwa Mei, Mkuu wa Chuo, Bwana Respicius, alituita ofisini mimi na nahodha wa timu, Edina.

"Siku hizi kila chuo kinatakiwa kijitegemee," alisema. "Kuna mfanyabiashara anataka kujenga ukumbi wa sherehe pale nyuma. Kiwanja chenu kinamtosha kabisa."

Edina alikuwa binti mrefu wa Tukuyu, mwenye sauti iliyozoea kuita watu kutoka bonde hadi bonde. Mwaka wake wa kwanza alifunga sanduku mara mbili ili arudi kwao, na mara zote mbili mpira ndio uliomrudisha bwenini. Nilijua hayo kwa kuwa aliniambia mwenyewe.

"Mkuu, tupe likizo hii."

"Mfanye nini?"

"Mazoezi. Siku ya kufungua chuo leta timu yoyote unayoitaka. Tukifungwa, jenga ukumbi wako, nami nitakuja kucheza dansi humo siku ya ufunguzi."

Mkuu alicheka hadi miwani ikamteleza. Kisha akaacha kucheka. "Nitaileta Mnara," alisema. "Jumamosi, tarehe kumi na sita Julai, saa tatu asubuhi. Mkishinda, kiwanja ni chenu."

Mnara ilikuwa timu ya akina dada watumishi wa serikali. Walikuwa na viatu vya mpira vya rangi moja, na katika msimu ule walitufunga seti mbili ambazo jumla yetu haikufika pointi kumi. Tulipotoka nje Edina aliniuliza, "Maalim, nimesema nini mle ndani?" Nikamwambia kwamba amesema jambo ambalo sasa itabidi alifanye.

Wasichana tisa walibaki chuoni. Adui wa kwanza alikuwa ardhi yenyewe. Kiwanja chetu kilikuwa mchanga na mbigiri, ile miiba midogo ya Dodoma isiyoonekana mpaka imekwisha kuingia. Tulikuwa na mipira miwili. Siku ya tatu ukabaki mmoja.

Angelina, binti wa Bukoba aliyekuwa mkali wa kupiga mpira na mkali zaidi wa kupiga maneno, aliuinua ule uliopasuka. "Huu tuukaange," alisema. "Umeshakuwa chapati."

Jioni ile nilipita nyuma ya uzio wa chuo, penye nyumba za majirani zetu wakulima, nikaona sakafu ya kupuria nafaka nje ya nyumba ya Mama Ruthu. Ilikuwa ndogo, kiasi cha mikeka minne, lakini ilikuwa ngumu na sawasawa, haina hata punje ya mchanga. Nikamsalimia kwa Kigogo changu cha kubahatisha, "Mbukwenyi!" Akaitikia, akanieleza bila choyo. Udongo wa kichuguu uliopondwa, maji, kinyesi cha ng'ombe, kisha kusiriba kwa mkono, tabaka juu ya tabaka. Nilimwomba atusaidie kutengeneza kiwanja kizima.

Alikuja na wanawake wenzake sita. Kwa siku kumi wao na wasichana wetu walibeba vichuguu kwa mikokoteni, wakaponda, wakasiriba, wakipiga magoti mstari mmoja kutoka mwisho hadi mwisho. Nilipotaka kuwapa kifuta jasho, Mama Ruthu alinitazama kama niliyemtukana. "Kazi hii hailipwi," alisema. Nikamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia majirani wakarimu, nikaishia hapo.

Basi kuanzia katikati ya Juni, kila nilipotoka msikitini baada ya sala ya alfajiri, niliwakuta wasichana wakishuka mbio kutoka kilima cha Mlimwa, pumzi zikifuka kwa baridi. Mchana upepo wa majira yale ulivuma bila huruma. Mpira uliorushwa juu uliondoka kwenda zake, na Edina akawa anaruka na kupiga hewa.

Aliyempandishia mpira alikuwa Joha, binti mfupi wa Chemba, mtulivu kupita kiasi. Alicheza amevaa suruali ndefu na kitambaa kichwani, na hakuwa na tabia ya kusema jambo asilotakiwa kulisema.

"Joha, unapotaka mpira ita!" Edina alimfokea. "Sema wangu!"

"Nitasema."

"Lini? Siku ya kiama?"

Lakini mikono yake ilikuwa na akili. Pasipo kuambiwa na mtu, alianza kuupandisha mpira chini chini, shubiri tatu tu juu ya wavu, kabla upepo haujauona. Mara ya kwanza Edina alichelewa. Mara ya kumi aliukuta. Mara ya hamsini nikasikia kishindo ambacho sikuwahi kukisikia msimu mzima, nami niliyekuwa nimekaa na kitabu nikasimama, kitabu kikaanguka.

Kufikia wiki ya pili ya Julai mpira ulikuwa unadunda kwenye sakafu ile kama ngoma. Alhamisi jioni tulichora mistari kwa majivu. Edina alikizunguka kiwanja akihesabu hatua, akacheka peke yake.

Ijumaa nilikwenda kuswali. Niliporudi, kiasi cha saa nane, niliwasikia wasichana kabla sijawaona. Kiwanja chote, kutoka mstari hadi mstari, kilikuwa kimefunikwa masuke ya uwele hadi kifundo cha mguu. Wanawake saba walisimama juu yake miguu mitupu, fimbo mkononi, na Mama Ruthu mbele yao.

"Maalim, waambie!" Angelina alipiga kelele. "Kesho tuna mechi, hawa wanatulimia kiwanja!"

"Shikamoo, Mama Ruthu," Edina alisema, akijizuia. "Mama, mmetufanyia nini?"

"Marahaba, binti yangu. Tunapura. Aliyesiriba sakafu hupura kwanza. Ndivyo tunavyoishi hapa. Nyie mlitaka tuje tusiribe bure, halafu tukapure mchangani?"

Kumbe malipo yao nilikuwa nimekwisha kuyaahidi siku nilipowaalika, pasipo kujua kuwa nimeahidi.

"Basi tuuzoe, tuuweke pembeni hadi kesho mchana," Edina alisema.

Mama Ruthu akatikisa kichwa. "Uwele ukishamwagwa sakafuni hauzolewi kabla ya kupurwa na kupepetwa. Ni kuufukuza. Mwakani hautarudi. Na kazi hii ni ya siku mbili, mwanangu."

Nikasikia sauti ndogo nyuma yangu. "Hata kwetu ni hivyo hivyo." Ilikuwa ya Joha.

"Ulijua?" Angelina akamgeukia. "Tangu wanasiriba ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza. Nilidhani Maalim anajua."

Nilimwangalia Edina. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, naye alikuwa akiutazama uwele ule kama anayetazama sanduku lake likifungwa kwa mara ya tatu. Kisha akainama, akavua viatu.

"Siku mbili kwa watu saba," alisema. "Sisi tuko tisa. Mama, una fimbo nyingine?"

"Kwetu ndizi haipigwi fimbo," Angelina alinung'unika, lakini naye akawa anafungua kamba za viatu.

Walijipanga safu mbili zikitazamana. Mwanzoni fimbo ziligongana ovyo, na wanawake wakacheka hadi wakashika mbavu. "Wewe mrefu, usiuue, upure tu!" Kisha Mama Ruthu akaanzisha wimbo, safu moja ikainua wakati nyingine inashusha, na mapigo yakaanza kuingia mahali pake kama vina vya shairi lenye mizani kamili. Makapi yaliruka, jua likateremka. Nilibeba maji, nikabeba masuke, nikabeba tena maji. Hadi adhana ya Magharibi uwele wote ulikuwa umepurwa. Ilibaki kuupepeta, na kupepeta kunataka upepo, na upepo ulikuwa umekwisha kulala.

Jumamosi saa mbili na nusu Mnara walishuka kwenye lori lao wakiimba. Wakakuta lundo la uwele katikati ya kiwanja, wasichana tisa wenye makapi kichwani, na wanawake saba wameshika nyungo, wakitazama angani.

"Hii ni mechi au sherehe ya mavuno?" nahodha wao aliuliza. Alikuwa mama mmoja shupavu, jina lake Emilia.

Mkuu alifika na saa yake. "Saa tatu ni saa tatu, Edina. Kiwanja kisichochezeka si kiwanja."

"Mkuu, tunangoja upepo."

"Upepo?"

"Dakika chache, Mkuu."

Nilisimama pembeni, midomo yangu ikisoma niliyoyajua. Saa tatu kasoro dakika kumi. Kasoro tano. Ukingo wa kanga ya Mama Ruthu ukatikisika. Kisha ukapepea. Kisha upepo wote wa uwanda ule ukaja kwa mkupuo mmoja, na nyungo zikainuka, makapi yakaenda zake kumfunika Mkuu na miwani yake, na punje zikamiminika chini, kijivu na safi. Wasichana walipepeta huku wakipiga mayowe. Emilia hakuvumilia. Aliacha timu yake, akanyakua ungo. "Mimi nimezaliwa Chamwino," alisema. "Hamjui kuushika!"

Saa tatu na robo magunia yalikuwa nje ya mistari, mistari mipya ya majivu imechorwa, na mwamuzi akapuliza kipenga.

Seti ya kwanza tulifungwa. Sitaificha: kumi na tano kwa tisa. Miguu ya wasichana ilikuwa mizito kwa kazi ya jana, na mara mbili Edina na Angelina waligongana wakiufuata mpira mmoja. Mkuu akamtazama yule mfanyabiashara aliyekuja naye, wakanong'onezana.

Ndipo upepo ukazidi. Mnara walipenda mpira wa juu, na sasa kila walipourusha juu ulitangatanga, wakawa wanaukimbilia kama kuku. Na katikati ya purukushani ile nikasikia sauti nisiyoijua, kali, iliyokata upepo:

"Wangu!"

Ilikuwa ya Joha. Hata Mnara waligeuka. Akaupandisha chini chini kama alivyozoea, na Edina akaushindilia upande wao. Angelina alipiga magoti, akainua mikono mbinguni. "Amesema! Jamani, bubu amesema!"

Tulishinda ya pili, kumi na tano kwa kumi na moja.

Seti ya tatu ilikuwa ya kuamua, ambayo kila mpira unaoanguka ni pointi. Hapakuwa na mahali pa kupumua. Tano kwa tano. Tisa kwa tisa. Wanawake wa uwele walikuwa wamesimama juu ya magunia yao, wakipiga vigelegele kwa kila mpira, hata wa Mnara, mpaka Angelina akawakaripia: "Mama zangu, wale si wetu!" Kumi na tatu kwa kumi na tatu. Mpira wa Emilia ukagonga wavu ukarudi kwake. Kumi na nne kwa kumi na tatu, na sisi ndio mbele.

Angelina akaanzisha. Mnara wakaurudisha kwa nguvu, Joha akaita, akaupandisha, na Edina akaruka. Aliupiga kwa mkono uliopura uwele nusu siku. Mpira ukapita katikati ya mikono minne, ukaangukia kona ya mbali kabisa, ukaruka ukaenda hadi uzioni.

"Nje!" Mnara walipaza sauti.

"Ndani!" tukapaza yetu.

Mwamuzi alitembea hadi uzioni, akauokota mpira, akaugeuza taratibu. Kisha akauinua ili kila mtu auone. Ubavuni mwake palikuwa na mstari wa majivu, mnene kama kidole. Akaunyooshea mkono upande wetu.

Sitaweza kueleza kelele iliyofuata. Nasikia kilemba changu kilionekana kikirushwa hewani, na sikumbuki kukivua. Emilia alipita chini ya wavu, akamkumbatia Joha, akamnyanyua kabisa kutoka ardhini. "Mtoto mdogo mwenye mikono ya mchawi," alisema. "Tutarudiana Agosti."

Mkuu wa Chuo aliuchukua mpira kwa mwamuzi. Akaufuta majivu kwa kidole gumba, akakitazama kidole chake. Bado alikuwa na makapi ndevuni.

"Sasa mgeni wangu nimwambie nini?" aliuliza.

"Mwambie pana watu," Angelina alisema.

Mkuu alimtazama yule mfanyabiashara, akainua mabega. Akanigeukia. "Maalim, nahodha wako yuko wapi? Nataka kumpa mkono."

Nikamwonyesha. Edina alikuwa amelala kifudifudi katikati ya kiwanja, mikono ameitandaza huku na huku, shavu lake juu ya ule udongo, analia na kucheka. Na kila aliyekwenda kumwinua alimfukuza.