Bakambale Bane mu Simu ya Hulda

Hii alinielezea Hulda mwenyewe, mutoto ya dada yangu, siku alikuya kunisaidia kuchambua maharagi, juma moja nyuma ya ndoa ya Eliane, mwenzake wa chorale, ile kwaya ya kanisa. Alikuwa angali anacheka, na mara ingine anafunika uso na kitenge.

Hulda ni fundi wa kushona. Alikuwa na atelier yake Beni, commune ya Mulekera, pembeni ya kanisa. Mwaka ile ya état de siège, wakati jeshi ilipewa utawala, masasi ikakaribia mutaa, akafunga mashini yake ku pikipiki, akakuya Butembo na batoto. Chorale yao nayo ikatawanyika. Bengine balipanda Kipese kulima, na bengi balienda Kasindi, kule ku mupaka, kutafuta maisha.

Sasa Hulda hapendi makaratasi. Vipimo vya batu yote iko mu simu, mu application moja ya kuandika. Ile application ilikuwa inaweka photo ya mutu juu, vipimo chini, na maneno kidogo yake ya siri. Juu ya photo, hakuona sababu ya kuandika jina ndefu. Aliandika tu: Kambale. Kwetu mutoto mwanaume wa pili anaitwa Kambale, donc ukiita ile jina mu soko, nusu ya soko inageuka. Mais Hulda alikuwa anaangalia sura, inatosha.

Siku moja application ikaandika: tunafunga mwisho wa mwezi, kila mutu atoe vitu vyake. Ikamupa njia mbili, kutoa maandishi pamoja na photo, ao maandishi peke. Photo zilikuwa zinakula mega mingi za internet. Hulda akatoa maandishi peke, akaingiza mu application ingine mupya, akafurahi. Hakufungua kuangalia. Ile mupya ilikuta Kambale bane, ikazani ni mutu moja, ikabaunganisha mu note moja, vipimo juu ya vipimo, hakuna sura hata moja. Na ile ya zamani ikafungwa kweli.

Akajua siku ya kazi. Eliane, sauti ya kwanza ya chorale, alikuwa anaolewa Butembo siku ya posho, ndiyo Jumamosi, na chorale yote ilitaka shimizi, yaani mashati, za kitambaa moja ya bleu. Ndiyo kazi yake ya kwanza kubwa tangu atoke Beni. Kitambaa iko ku meza, mukasi iko ku mukono, anafungua simu, anaona Kambale mwenye bifua bine na matumbo mane.

Akapigia prezida wa chorale, papa Onésime, ule anafanya kazi ya douane, forodha ya mupaka, Kasindi. Yeye pia ni Kambale.

"Papa Onésime, unisaidie. Mupimwe tena kule, munitumie vipimo."

"Mama Hulda, fundi wa huku anasema hapimi mutu mwenye hatashona. Anataka kazi yote."

"Basi mupimane na kamba!"

"Mimi nilijipima na mukono. Natoka mikono mbili na kidole."

"Mikono mbili ya wapi, papa? Ya kifua ao ya mulango?"

Akacheka, mais akasema neno yenye ilimuuma Hulda: "Kama kesho hauko na vipimo, mama, tutapatia fundi wa huku. Hatuwezi kuimba kifua wazi."

Hulda akakaa chini. Kazi ikienda Kasindi, batu ya Butembo batasema fundi wa Mulekera hajui hata bateja yake. Akasoma ile note mara na mara, mais bila sura hakutambua ya nani ni ya nani. Kisha akasema, mbele niharibu zaidi, nijitumie hii maandishi ku namba yangu mwenyewe, ibaki fasi mbili. Kidole ikagusa juu. Na juu, ku WhatsApp, ilikuwa groupe ya chorale.

Ikaenda. Pembeni ya namba za vipimo, batu yote bakasoma hivi:

"Kambale. Shingo ndefu, mwembamba, kola isimame. Kambale. Bega ya kushoto imeshuka. Kambale. Mikono haiishi, ongeza kitambaa. Rangi anachagua mama yake. Kambale. Anavuta tumbo ndani nikimupima. Ongeza bidole bitatu, na usimuambie."

Hulda akafuta mbio mbio. Mama Berthe, sauti ya pili, alikuwa amekwisha kuipiga photo na kuirudisha mu groupe.

"Bega imeshuka ni mimi," Kambale Jéthro akatuma sauti kutoka Kipese. "Ni juu ya kubeba bitunguu. Mama Hulda, uliona hiyo na hukuniambia?"

"Mikono haiishi ni Lusenge!" Berthe akasema. "Ule mutoto anachukua chumvi ku meza ya jirani bila kusimama."

Kambale Lusenge akajibu polepole: "Ni mimi. Mais mama yangu hachagui tena rangi."

Mama yake, naye alikuwa mu groupe: "Nani anasema?"

Hulda akaanza kupumua. Babili bakapatikana, babili bakabaki. Kambale Phinées akaandika: "Shingo ndefu ni mimi." Kabla Hulda hajamaliza kusoma, papa Onésime naye akaandika: "Shingo ndefu, mwembamba, ni mimi huyo."

Kisha Berthe akauliza, "Prezida, ule wa tumbo ni nani sasa?"

"Labda ni mutu mwenye alihama chorale."

"Tumbo yake haikuhama, papa."

Sasa Hulda alikuwa na sura zote bila photo. Hakubishana na mukubwa. Akaandika tu: "Aksanti, bababa, vipimo vyote niko navyo." Akakata kitambaa. Akashona ya Jéthro, ya Lusenge, ya shingo ndefu, na ya tumbo akaongeza bidole bitatu, halafu kingine kimoja, kwa sababu Kasindi banakula muzuri. Ku zile mbili za mwisho hakuandika jina.

Asubui ya posho, camion ya Kasindi ikafika na vumbi yake. Mu salle ya kanisa, Onésime akachukua shimizi ya shingo ndefu mbele ya batu yote. Akavuta tumbo ndani, akafunga kifungo cha kwanza, cha pili.

"Prezida, utuanzishie wimbo tujaribu," Berthe akamuomba na heshima mingi.

Akafungua kinywa kutoa sauti. Kifungo kikaruka, kikaanguka mu sahani ya Lusenge, ule alikuwa anakula. Eliane, na robe yake ya bibi arusi, akacheka mpaka bakamukamata mabega.

Onésime akatoa shimizi, akaipatia Phinées. "Hii yako ni ndogo, kijana." Akavaa ile ingine. Ikamukaa kama ngozi. Akajiangalia mu dirisha, upande huu, upande ule, akakuya karibu na Hulda.

"Mama, ni nani alikuambia bidole bitatu?"

"Ni macho yangu, papa."

"Basi usiandike tena ile neno ya kuvuta tumbo. Lakini vipimo, uweke muzuri. Noeli tunashona tena, na fundi wa Kasindi asinipigie simu kuomba kazi."

"Wasingya, aksanti, papa."

Baliimba muzuri. Nyuma ya chakula mvua ya Butembo ikashuka, hakuna camion ya kuondoka, na chorale ikalala mu salle juu ya mikeka, shimizi za bleu pande zote, Berthe angali na sahani ku mapaja.

Hulda akabaki macho. Akafungua simu, akagawanya ile note, kila mutu na yake: Kambale Onésime wa douane. Kambale Jéthro wa bitunguu. Kambale Phinées, shingo. Kambale Lusenge, mutoto wa mama yake. Akatoa yote mu maandishi ya kawaida, ile simu yoyote inasoma. Akafungua, akasoma moja moja mpaka mwisho, kuona kama hakuna mwenye amekula mwenzake. Akatuma moja kwa dada yake Elsa, ingine kwa namba yake mwenyewe, na safari hii aliangalia jina mbele ya kugusa. Akaweka simu chini ya kitenge, akaegamia gunia ya bitambaa, na mvua ingali inapiga ku mabati akalala.