Joka Aliyepandishwa Cheo

Kikaratasi cha kumi na saba ndicho kilichomfanya Mama Gundi aweke mkasi chini.

Hadi hapo asubuhi yake ilikuwa raha tupu. Kila Desemba maktaba ilitundika ubao mkubwa karibu na mlango, na wasomaji wakaandika vitabu ambavyo wangependa kuletewa Krismasi. Ndugu zao walipita pale wakijifanya wanatafuta gazeti, wakasoma kwa kuibia, kisha haooo, wakavuka barabara kuingia duka la vitabu. Kubandika vikaratasi ilikuwa kazi ya Mama Gundi, kwa sababu chochote chenye gundi katika jengo lile kilikuwa chake. Alikuwa fundi wa kujalidi: kitabu kilichochanika alikishona, kilichovunjika mgongo alikipa mgongo mpya.

Na mwaka huu watu walikuwa na hamu kweli kweli! Mlinzi wa benki alitaka sehemu ya sita ya hadithi ya wachawi, na neno "sita" alikuwa ameliandika mara tatu, maana mwaka jana mkewe alimletea ya tano, ambayo tayari alikuwa nayo. Muuza maua aliomba safari ya kwenda kwenye nyota, "ndefu, isiyokwisha upesi". Mwalimu mkuu, mtu asiyejua kucheka, aliandika kwa mwandiko mzuri: "Chochote chenye roboti mwenye huruma." Mama Gundi aliwaona watu hawa kila siku wakinung'unika kwenye foleni. Kumbe vichwani mwao walibeba panga za moto na anga zenye mwezi zaidi ya mmoja! Aliwapenda zaidi kwa hilo.

Kisha akakifikia hicho cha kumi na saba.

"Naomba kile kitabu cha joka wa kisimani. Si hiki kinachouzwa madukani. Ni kile ambacho joka hafi. Mwishoni anasema: Tumefika, fungua dirisha. Ni kwa ajili ya baba. Mpiga pasi, duka la dobi nyuma ya posta."

"Hicho nacho ni kituko," alisema mkutubi mkuu, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Nimekitafuta kwenye kompyuta jana nzima. Kitabu cha joka wa kisimani kipo, lakini joka anakufa katika kila toleo. Huyu dada atakuwa amechanganya mambo."

"Atakuwa amechanganya," alisema Mama Gundi.

Masikio yalikuwa yanamwaka moto. Mpiga pasi hakuwa amechanganya chochote. Aliyechanganya alikuwa yeye.

Ilikuwa Desemba yake ya kwanza kazini, miaka thelathini na mmoja iliyopita, akiwa bado wa majaribio. Vitabu viwili vilikuwa vimekatika uzi kwa kusomwa sana, na wasomaji walivisubiri kabla ya sikukuu. Kimoja kilikuwa cha joka anayelinda kisima cha kijiji. Kingine kilikuwa cha nahodha wa chombo cha angani aliyepotea njia ya kurudi nyumbani. Vilitoka kwa mchapishaji mmoja, karatasi ileile, kimo kilekile, na kila kimoja kilikuwa na mikunjo kumi na mitatu, yaani mafungu ya karatasi zilizokunjwa pamoja, kila mmoja wa kurasa kumi na sita. Alivifumua pamoja ili aokoe muda. Akavishona pamoja. Na kwa haraka yake, mkunjo wa mwisho wa joka akauweka kwa nahodha, na wa nahodha akauweka kwa joka. Namba za kurasa zilifuatana sawasawa, mia moja tisini na mbili, mia moja tisini na tatu, kwa hiyo hakuna jicho lililoshtuka.

Aligundua baada ya wiki mbili, alipokaa kukisoma kile cha nahodha na kukuta chombo kinatua katikati ya kijiji chenye mikuki. Alifunga kitabu, akakirudisha rafuni. Mwenzake wa joka alikuwa ameshaazimwa. Angesema, angefukuzwa, basi akanyamaza. Akanyamaza mwaka, akanyamaza miwili, na baadaye kusema kukawa kugumu kuliko kosa lenyewe. Paa la maktaba lilipovuja na kile cha joka kikatupwa pamoja na vingine vilivyooza, alishukuru. Leo alikumbuka shukrani ile na kuona haya.

Saa sita mchana alivaa viatu vyake vya kutembelea, akaenda nyuma ya posta.

Duka la dobi lilikuwa limejaa mvuke. Mpiga pasi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nyororo, na aliendelea kunyoosha kola huku akimsikiliza.

"Shikamoo, mama. Umetoka maktaba? Usiniambie mmekipata!"

"Marahaba, mwanangu. Bado. Nataka tu kukiulizia vizuri. Ulikisoma wapi?"

"Sikukisoma, nilisomewa. Baba alikiazima nikiwa na miaka saba, akakiazima tena, na tena. Alikuwa mwendesha lifti, unajua, lile jengo refu la ofisi. Siku nzima yumo kwenye kile kisanduku, juu, chini. Akirudi anaoga, ananiambia, njoo tukamwone joka." Aligeuza shati. "Wanakijiji wamemzunguka na mikuki, msichana amemshika shingo. Unafungua ukurasa: 'Walipaa kimya kimya, na dunia ikawa ndogo chini yao.' Sasa, kuanzia hapo joka haitwi joka tena. Anaitwa nahodha. Nilimuuliza baba kwa nini. Akasema, amepandishwa cheo."

Mama Gundi alicheka kabla hajajizuia. Mpiga pasi naye akacheka, kisha pasi yake ikasimama.

"Sasa hivi kumbukumbu zinamtoka, mama. Kuna siku ananiita kwa jina la shangazi. Lakini joka hajamsahau. Krismasi iliyopita nilimnunulia kile cha dukani, jalada linang'aa, nikamsomea mpaka mwisho. Mkuki ulipomwingia joka, baba alilia kama mtoto. Akaniambia, 'Umemuua. Alikuwa amefika nyumbani, wewe umemuua.' Siku tatu hakula mkononi mwangu." Alijifuta uso kwa mgongo wa mkono, ingawa pale ndani kila mtu alikuwa na uso uliolowa. "Nikaanza kujiuliza, labda baba alikuwa anabuni tu. Labda kitabu hakikuwepo. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie kilikuwepo."

Mama Gundi aliuona mlango, na angeweza kutoka.

"Kilikuwepo," alisema. "Nilikishona mimi. Nilikishona vibaya."

Akamweleza yote, amesimama vilevile kati ya mashati ya watu. Alisubiri kufokewa. Mpiga pasi alizunguka meza, akamkumbatia kwa mikono yenye joto la pasi mpaka kilemba cha Mama Gundi kikaenda upande.

"Mama, unaweza kukosea tena?"

Kukosea tena ndiko kulikokuwa na kazi. Katika ghala la maktaba kulikuwa na nakala za zamani za vitabu vyote viwili, nzima, zenye mihuri, mali ya umma. Hakuna fundi anayefumua vitabu vizima viwili ili atengeneze kimoja kibovu bila kuomba ruhusa, na ruhusa ilikuwa kwa mkutubi mkuu. Huyo naye alikuwa ameshaandaa sherehe ndogo ya kumuaga Mama Gundi, aliyekuwa anastaafu, siku moja kabla ya Krismasi. Cheti kilikuwa tayari kwenye fremu, juu ya kabati, na Mama Gundi alikuwa amekiona: "Miaka thelathini na mmoja ya utumishi bila kosa hata moja."

Alipiga moyo konde, akabisha hodi. Akakiweka mezani kile kitabu cha nahodha, pacha aliyebaki. Miaka yote hiyo kilikuwa kwenye rafu na hakuna aliyelalamika. Alimfungulia mkutubi ukurasa wa mia moja tisini na tatu, ambako wasomaji walikuwa wameacha maneno pembeni kwa penseli. "Joka huyu katoka wapi?" mmoja aliandika. Chini yake, mwandiko mwingine: "Soma tena kwa makini." Chini tena, wa kwanza: "Nimesoma tena. KATOKA WAPI?" Na mahali pa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: "Sijaelewa, lakini nimelia."

Mkutubi mkuu alianza kwa kukunja uso. Alipofika kwenye "katoka wapi" ya pili alishika mbavu, akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye chai.

"Na wewe umekaa na hili miaka thelathini na mmoja?"

"Nilikuwa naogopa."

"Mama Gundi," alisema, akiifuta miwani, na kicheko kikamwisha taratibu. "Nenda kachukue nakala hizo. Nitaandika mwenyewe kwenye daftari kwamba zimefumuliwa kwa idhini yangu."

Siku mbili Mama Gundi alifanya kazi mlango umefungwa. Alikata uzi wa zamani kwa ncha ya kisu, akakwangua gundi iliyokauka ikawa kahawia, akalaza mikunjo mezani katika safu mbili kama alivyofanya akiwa binti. Mara hii hakuwa na haraka. Aliupitisha uzi kwenye nta, akaanza kushona mkunjo baada ya mkunjo, joka, joka, joka, na vidole vyake vilivyovimba kwenye viungo vikakumbuka njia. Alipofika kwenye mkunjo wa kumi na tatu alinyoosha mkono ng'ambo ya meza, akauchukua wa nahodha. Sindano ilisita. Miaka yote aliuota mshono huu kama mtu anavyoota anaanguka. Akauchoma, uzi ukapita, akaukaza. Ulikuwa mshono mzuri, na alishukuru kwamba safari hii aliushona macho yakiwa wazi.

Kwenye sherehe ya kumuaga alipewa maua, saa ya ukutani na cheti. Mtu alikuwa amekitoa kwenye fremu, akachora mstari kwa kalamu juu ya neno "bila" na maneno "hata moja", na kuandika "na" na "moja zuri". Watu wote walipiga makofi bila kujua wanashangilia nini. Mama Gundi alijua, na alilia mbele ya mlinzi wa benki bila kujali.

Mchana wa Krismasi mpiga pasi alimfungulia mlango wa chumba cha ghorofa ya tatu. Palikuwa na kitanda, meza, viti viwili na dirisha lenye pazia lililopigwa pasi likanyooka kama karatasi. Mzee alikaa kwenye kiti cha karibu na ukuta, amevaa koti la kazi lenye vifungo vya shaba, vyote vimefungwa.

"Baba, huyu ndiye mama aliyeleta kitabu."

Mzee alimwangalia Mama Gundi kwa adabu, kama mtu anayesubiri kuambiwa ghorofa ya ngapi.

"Wewe ndiye uliyekiandika?"

"Hapana, mzee wangu. Mimi nimekishona tu."

"Ehe." Alikipokea, akakipima uzito mkononi, akapitisha kidole gumba kwenye mgongo wake. "Umeshona vizuri."

Mpiga pasi alisoma. Alisoma kuhusu kijiji na kisima, na ukame, na watu waliosahau nani aliwalindia maji. Mama Gundi alikaa na mikono mapajani, kwa maana alijua ukurasa gani unakuja. Mzee alianza kujivuta nyuma kwenye kiti. Mikuki ilikuwa imeinuliwa. Msichana alikuwa ameishika shingo ya joka. Mkono wa mzee ulishika kifungo cha koti na kukizungusha.

Mpiga pasi alifunua ukurasa.

"'Walipaa kimya kimya,'" alisoma, "'na dunia ikawa ndogo chini yao.'"

Mkono wa mzee ukaachia kifungo.

"Amepandishwa cheo," alimnong'oneza Mama Gundi, kwa kuwa mgeni angeweza asijue.

"Ndiyo," Mama Gundi alinong'ona. "Anastahili."

Kurasa kumi na tano zilizobaki mzee alizisikiliza amefumba macho, midomo ikitembea pamoja na maneno. Walizipita nyota zilizozimika. Walipotea, wakajipata. Na mpiga pasi alipofika mstari wa mwisho hakuusoma, kwa sababu baba yake alikuwa amefumbua macho.

"Tumefika," alisema mzee, kwa sauti ya kazini, iliyo wazi, ya kusikiwa na walio nyuma. "Fungua dirisha."

Hakusubiri mtu. Alijiinua kwa mikono miwili, akavuka chumba, akasogeza pazia, akalisukuma komeo. Hewa iliingia, pamoja na kelele za watoto na redio ya mtu huko chini. Kisha akasogea pembeni hatua moja, akanyoosha mgongo, akaweka kiganja kwenye fremu ili dirisha lisijifunge, na kusimama hivyo, akiwatazama wanawake wawili, akingoja watoke wao kwanza.