Nyongeza ya Bi Moza

Bi Moza, jirani yangu hapa Mtaa wa Narung'ombe, hapunguzi bei hata umlilie. Anachotoa ni nyongeza. Ukinunua udi wake, anachota kwenye kopo vidonge vya makaa, vile vyeusi vya mviringo vya kufukizia, anakutumbukizia mfukoni, nawe unaondoka umeridhika huku bei imebaki ileile. Mimi nauza spika na redio mkabala naye, na mbinu hiyo nimeiona ikifanya kazi mpaka inanikera.

Kila asubuhi, kabla hajauza chochote, anafukiza duka lake kisha analeta chetezo kwangu. Anapita katikati ya spika, anazungusha moshi, ananiuliza nimeamkaje. Mimi ni Mkristo wa Kibosho, lakini moshi wake usipofika najiona kama sijafungua duka.

Anaishi na Amira, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akitambaa. Amira amesoma kemia, na sasa amepata nafasi ya kuendelea na masomo Arusha. Bi Moza hataki kusikia. Anasema magoti yamechoka na duka linataka mtu. Binti naye chumba cha nyuma amekigeuza kiwanda. Alikuja kwangu kuomba sumaku za spika zilizoungua, akazitwanga kwenye kinu zikawa unga. Akachoma vifuu vya nazi, akausaga mkaa wake, akachanganya vyote viwili na kuvikandamiza kwa jeki ya gari. Kalibu aliyotumia ni kifuniko cha chupa, kwa hiyo vikatoka vidonge vyeusi vya mviringo. Nilimwambia amejisumbua kutengeneza kitu ambacho mama yake mdogo anakigawa bure.

Hakucheka. Alinieleza kwamba mkaa ule una vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, na umeme unajishika humo. Unga wa sumaku unaongeza kiasi kinachoshikika. Unachukua vidonge viwili, katikati unaweka karatasi iliyolowa maji ya chumvi, unachaji, basi umeme unatulia humo mpaka uutake. Vidonge vinne vinatosha kuwasha taa ndogo. Kisha akatuonyesha mchezo: alifunga sumaku kwenye uzi, akaipitisha juu ya vidonge vyake, vikairukia. Makaa ya Bi Moza hayakujali. Bi Moza alitazama yote hayo kwa makini kuliko nilivyomtarajia.

Wakawekeana sharti, nami nikiwa shahidi. Ijumaa, baada ya swala, Amira awashe taa mbele yetu. Ikiwaka, aende Arusha kwa radhi zote. Isipowaka, Jumamosi akae kaunta na habari ya Arusha ife.

Ijumaa asubuhi chetezo kilikuja, lakini Bi Moza hakuingia. Alikiweka kizingitini, akakipepea kwa mbali, akarudi kwake. Nilidhani ni magoti.

Saa nne nikasikia Amira akilia. Alikuwa ameacha vidonge vyake vinne kwenye sahani tangu usiku, na asubuhi na mapema akaenda kununua taa. Bi Moza alisema aliviona, akavidhania makaa, akavimwaga koponi pamoja na mengine. Halafu akaja Bi Shamsa wa Upanga, anayemwoza binti yake, akanunua udi mwingi na kudai nyongeza ya maana, akachotewa konzi nzima.

"Kaa ni kaa," Bi Moza alisema, akijitia hamnazo.

Amira alipangusa machozi, akachukua sumaku yenye uzi na kuitumbukiza koponi. Ikanasa kimoja. Ikanasa cha pili, na cha tatu. Cha nne hakikuwemo. Alikoroga kopo mpaka vumbi jeusi likamfika kwenye nyusi.

Tukapanda bajaji hadi Upanga. Nilifunga duka nikisema nakwenda kumsaidia, lakini ukweli ni kwamba nisingekubali kuja kusimuliwa. Kwa Bi Shamsa tuliwakuta wanawake wamejaa sebuleni na bibi harusi amefunikwa mashuka juu ya chetezo, akifukizwa udi. Amira akaning'iniza sumaku juu ya mfuko wa makaa, kisha akaomba mashuka yafunuliwe kidogo aning'inize na pale. Bi Shamsa aliniuliza kwa sauti ya chini kama yule ni mganga. Nikamjibu kwamba duka letu siku hizi linakagua ubora wa makaa kwa wateja wakubwa. Alifurahi sana. Sumaku haikunasa kitu.

Njia nzima ya kurudi Amira alikuwa akiuzungusha uzi wa sumaku kidoleni. Kutengeneza kingine kungemchukua siku kadhaa, na swala ilikuwa inakaribia kwisha. Hapo ndipo nilipokumbuka chetezo kizingitini. Bi Moza anayejipenyeza kila asubuhi kati ya spika zangu, spika ambazo kila moja ina sumaku mgongoni, leo ameziogopa.

Nilimwomba Amira ile sumaku. Tulipofika, nilimfuata Bi Moza kaunta kumpa pole, mkono mmoja begani kwake na mwingine umeshika uzi. Sumaku ikaacha kuning'inia wima. Ikaelekea kiunoni, ikagota kwenye fundo la pindo la kanga yake, ikaganda hapo.

Bi Moza alilifungua fundo taratibu, kwa sababu lilikuwa limekazwa sana, akatoa kidonge na kukiweka mezani.

"Ukienda, asubuhi nitaongea na nani?" akamuuliza Amira.

Nilikuwa nimejiandaa kumsema mpaka jioni. Badala yake nikajikuta namvutia kiti.

Amira alipanga vidonge vyake, akaweka karatasi zilizolowa, akaviunganisha na chaja kwa muda, kisha akaichomoa. Alipogusisha nyaya, taa nyekundu ikawaka, ndogo tu, lakini ilikuwa imewaka bila waya wowote kwenda ukutani. Bi Moza aliikinga kwa viganja aione vizuri. Ilipofifia na kuzimika, akasema iwashwe tena. Iliwashwa mara nyingi siku ile, na wateja wakasubiri.

Mwishowe akakohoa, akakaa sawasawa kama anavyokaa akitaja bei.

"Sharti ni sharti. Nenda," alisema. "Lakini na mimi nataka nyongeza yangu."

Amira akamuuliza nyongeza gani.

"Kila asubuhi unipigie simu kabla sijawasha chetezo."

Amira yuko Arusha sasa. Kila asubuhi Bi Moza anaingia kwangu na chetezo mkono mmoja na simu mkono wa pili, anapita katikati ya spika akiongea kwa sauti kubwa, na siku hizi mimi haniulizi nimeamkaje.