Kibao Kilichobaki na Wino

"Mimi niliongea mpaka Kaizari akaitikia kwa kichwa," alisema Lu Huaiyi, akijipepea kwa mkono wa joho lake. "Mara mbili!"

"Wewe?" binamu yake Congjian akacheka. "Wewe uliyepanda juu ya kabati kwa kumwogopa jogoo?"

"Jogoo si Kaizari, kaka. Jogoo anadonoa."

Ukoo wa Lu ulikuwa umetoa mawaziri wakuu sita. Watu wa Luoyang walisema ukirusha jiwe ndani ya ua wao utampiga waziri, na akikwepa utampiga mwanawe. Huaiyi hakuwahi kufanya mtihani wa vyeo. Alipewa cheo kwa kivuli cha marehemu babu yake, na kivuli, kama tujuavyo, hakimfundishi mtu kusema.

Kila siku ya kuzaliwa ya Bibi, wanaume wote wenye vyeo walileta vibao vyao vya pembe za ndovu na kuvipanga juu ya kitanda chake. Kibao ndicho mtu anachoshika mbele ya Kaizari. Hoja zake huziandika juu yake kwa wino, akishazisema huziosha. Ndiyo maana kitanda cha Bibi mwaka hata mwaka kilikuwa cheupe kama wali.

Safari hii Bibi alikuwa amemtuma mjukuu wake neno moja tu: tuta la mto kijijini alikozaliwa Bibi, Sanliu, limepasuka, aombe litengenezwe kabla ya mvua. Huaiyi aliliandika vizuri kabisa. Siku nne zilizopita akaitwa, akapiga magoti, akainua kibao, na ulimi wake ukawa mzito kama kisigino. Kisha mwita majina akaita mwingine. Huaiyi akakisukumiza kibao mfukoni mwake na hakukitoa tena. Nyumbani walipomuuliza, mdomo uliogoma kule ukafunguka wenyewe.

Sasa walikuwa mezani, kando ya kitanda cha Bibi. Bibi, macho yake yamefunikwa na ukungu wa uzee, alipapasa mpaka akaupata mkono wa Huaiyi.

"Mwanangu, umenitoa aibu kwetu. Asubuhi hii nimempeleka mpanda farasi kwa kaka yangu. Alishafunga mizigo ahame na watoto. Nimemwambia afungue, alale usingizi. Mjukuu wangu keshasema."

Huaiyi akazirudisha bakulini tambi zake, zile za kuombea maisha marefu. Akilini aliwaona wale watoto wakishusha vyungu kutoka kwenye mkokoteni. Akafungua mdomo aseme ukweli, hapo hapo, mbele ya wote. Ukatoka mvuke wa supu tu.

"Haya, mheshimiwa," Congjian akamsukuma kwa kiwiko. "Kibao chako kiende juu kabisa leo. Sisi wengine tuliongelea kodi ya chumvi tu."

Huaiyi akatoa kibao. Mistari ya wino ilikuwa imejipanga vilevile, myeusi kama siafu. Akakilaza kifudifudi juu ya vingine, haraka, akarudi nyuma hatua tatu.

Lakini Bibi alikuwa na desturi yake. Alikiokota kila kibao, akalowesha dole gumba kwa ulimi, akakipangusa mbele na nyuma, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Alipofikia cha Huaiyi, gumba likasita. Akalisugua kwa kidole cha pili.

"Mbona linanata?"

Gumba la Bibi lilikuwa jeusi tii, na wote waliliona isipokuwa yeye. Congjian akaangalia bakuli lake.

Bibi akalinusa gumba. Harufu ya wino.

"Nani mwingine humu alikuwa barazani kwa Kaizari siku ile?"

Karibu na mlango, karani mmoja mgeni, Meng Tu, mtoto wa mkulima, alishusha vijiti vyake vya kulia.

"Mimi, Bibi. Nilikuwa nyuma yake."

"Aliongea?"

Meng Tu akamtazama Huaiyi. Huaiyi alikuwa akivisoma viatu vyake, masikio yakiwaka.

"Sema upesi, kijana. Mpanda farasi wangu hajafika mbali."

Meng Tu akainama kwa adabu zake zote.

"Alipiga magoti vizuri sana, Bibi."