Menyu ya Mkono Mmoja

Mbunifu aliipenda ile skrini kama mtu anavyompenda kifungua mimba wake. Ilikuwa nyeupe, haina makorokoro. Menyu nzima ilijificha nyuma ya vistari vitatu, juu kabisa, pembeni kulia. Ilikuwa programu ya simu ya kliniki ya majeraha ya moto, na daktari mkuu alikwisha kuikubali.

Kisha kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma, akaungua mkono wa kulia.

Alipokwenda kumjulia hali alimkuta sebuleni, bandeji hadi kwenye kiwiko, simu mkono wa kushoto.

"Afadhali umekuja. Nataka siku ya kubadilishiwa bandeji. Hii programu yenu mlango wake uko wapi?"

Ulimi ulimwasha, lakini akajizuia. "Fanya kama sipo, kaka."

Kidole gumba kikajinyoosha kuelekea pembe ya juu, hakikufika. Akaisogeza simu kiganjani, ikamponyoka, ikaangukia mapajani. Akajaribu kuibana kwa kidevu.

"Ningekushtaki, basi tu wewe ni damu yangu," alisema, akacheka mwenyewe. Mwishowe akailaza mezani, akavigusa vile vistari. "Huduma Zetu. Safari Yako. Hii safari ni gari la kubebea wagonjwa?"

"Hapana. Ndiyo miadi."

"Sasa si mngeandika miadi?"

Jina lile alilibuni mbunifu mwenyewe, na siku ile alijiona amepatia kwelikweli.

Jumatatu bosi wake alimsikiliza akiwa amekunja uso. "Daktari mkuu amekubali, leo unataka kuniaibisha mbele yake?"

"Daktari mkuu ana mikono miwili mizima, bosi. Wagonjwa wake je?"

Bosi akashusha pumzi. "Haya. Ukiharibu, utajieleza mwenyewe."

Mbunifu akaiteremsha menyu chini, kidole kinapofika bila kuhangaika, kwa maneno ya kawaida: Miadi, Dawa, Ujumbe, Dharura. Kaka yake akapata siku yake palepale, akamsifu mpaka akaona haya.

Wiki haikuisha, muuguzi wa zamu akampigia.

"Dada, hicho kitufe cha dharura kinanitoa roho. Mtu anashika simu tu, tayari ameshanipigia. Namuuliza una nini, ananiambia samahani, kidole. Leo mama mmoja, mtoto wake kamwagikiwa na maji ya moto, amekuta laini ina mtu. Alirudia akatupata, mtoto anaendelea vizuri. Ila nimeona nikwambie."

Mbunifu akakaa chini. Siku hiyohiyo alikiondoa kitufe kile chini, akakiweka katikati ya ukurasa wa kwanza, chekundu na kipana, kikiuliza kwanza: Nipige simu sasa? Kisha akaenda kwa bosi kujieleza, kama walivyokubaliana.

Kesho yake hakwenda ofisini. Alimwomba muuguzi ruhusa, akaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa, akawa anawapa simu yake mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na vidole vilivyofungwa pamoja, akagusa vitufe viwili kwa mpigo. Mzee mmoja akauliza kama maandishi hayo yameandikiwa sisimizi.

Bosi akapiga simu. "Skrini imekamilika?"

"Bado," alisema, akimsogelea mgonjwa aliyefuata. "Ndiyo kwanza naanza."