Kikapu cha Bi Mwanaidi

Asikudanganye mtu kwamba Mwanakombo alikuwa anakwenda kumkumbuka mama yake tu. Alikuwa anakwenda kumnyang'anya mdogo wake kikapu.

Kikapu chenyewe ukikiona utacheka. Cha ukindu, mkono mmoja umekatika, kimeshonwashonwa kwa uzi wa nyavu. Lakini ndicho marehemu mama yao, Bi Mwanaidi, alichobebea unga wa kutambikia, na mama yake kabla yake. Kwao ukoo unafuata upande wa mama, na mwanamke mwenye kikapu kile ndiye anayewasemea walio hai mbele ya waliokufa. Kwa haki kilikuwa cha Mwanakombo, kifungua mimba. Ila yeye aliolewa mjini, Magomeni, na mama alipougua alikwenda kumwona mara moja tu. Aliporudi tena alikuta kaburi bichi. Asiyekuwepo na lake halipo. Kikapu kikabaki kwa Salma, aliyemuuguza mama mpaka mwisho.

Jambo hilo lilimla roho miaka mitatu.

"Kadogo kale!" alimwambia mumewe, Issa, kibarua wa bandarini. "Mama alikadekeza tangu kananyonya. Mimi natumwa kisimani, kenyewe kanabebwa mgongoni. Na leo kanaongea na mizimu!"

"Haya, nenda ukagombane," Issa akamjibu. "Ila marehemu hapigiwi kura."

Kura ilikuwapo. Mjomba Hamisi, mkubwa wa ukoo, alikuwa amechoka na maneno ya watu, akaamua kwamba mwaka huu dada wote wawili wamwage unga. Desturi yao ni kwamba unga humwagwa polepole chini penye kaburi jua likizama, ukasimama kama kichuguu, kisha ukafunikwa kwa chungu. Asubuhi chungu kikifunuliwa, unga uliosimama umepokelewa. Uliobomoka, marehemu kaukataa. Mkono utakaopokelewa ndio utakaoshika kikapu, alisema mjomba, na ikipokelewa yote miwili, mkubwa ni mkubwa.

Basi Mwanakombo akajiandaa. Alinunua mahindi meupe, akayakoboa, akayapeleka mashine ya mjini yakasagwa mara mbili, ukatoka unga mweupe, laini, unaoteleza vidoleni. Mama hakuwahi kuletewa unga wa namna ile. Acha Salma aje na mtama wake wa kutwanga, mwekundu, wenye wishwa! Wataona nani anamheshimu mama.

Alipanda lori mpaka kijiji cha Ziwani, akawakuta ndugu zake. Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, na makaburi yalibaki kule kwenye mahame, katikati ya mikorosho. Kwa hiyo ukoo mzima ulijitwika sufuria, mikeka na kuku, wakashika njia kwa miguu, wanaimba. Salma alikuwa mbele na kikapu kichwani. Kila mtu alikuwa Salma hivi, Salma vile, Salma tupumzike wapi. Mwanakombo nyuma, viatu vya mjini vinambana, anahesabiwa miongoni mwa wageni.

"Dada, nikupokee mzigo?" Salma akauliza.

"Sijazeeka," alijibu.

Walipofika walifyeka nyasi, wakasimamisha vibanda vya kulala, mwalimu akasoma hitima, wali ukaliwa. Kisha mwalimu akasema anakwenda kutazama mikorosho yake ya zamani, kama alivyosema kila mwaka ilipofika zamu ya unga, na watu wakamwacha aende.

Salma akapiga goti. Unga wake wa mtama, wa kulowekwa na kutwangwa, ulikuwa na unyevu kidogo. Ukashuka ukasimama wima, kilele kimechongoka. Vigelegele. Mwanakombo naye akapiga goti, akataja jina la mama, akamwaga. Ule weupe uliwafanya watu waseme "Haa!" na moyo wake ukafunguka. Kichuguu kilisimama kwa shida. Mjomba alipogeuka kuchukua chungu, ubavu mmoja ukaanza kuteleza, na Mwanakombo akafunika haraka kwa mikono yake mwenyewe. Alipoinua macho akakutana na macho ya Salma. Kameona! Na hakakusema kitu.

Asikwambie mtu alilala. Kabla ya alfajiri, watu wakikoroma vibandani, alinyata kwenda makaburini, na nia yake ilikuwa chafu, tuseme ukweli. Kama wake umeanguka, na wa Salma uanguke. Teke moja tu, chungu kirudishwe, basi. Mama angeonekana amewakataa wote.

Alipofika kwenye mkorosho wa mwisho akasimama. Palikuwa na mtu amepiga goti, Salma, amefunua chungu cha dada yake. Alikusanya ule unga mweupe uliosambaa, akauchanganya na mtama mwingi kutoka kikapuni, akaumimina upya, taratibu, ukasimama. Akafunika, akaondoka bila kutazama nyuma.

Mwanakombo alishika mti. Hakusikia shukrani hata chembe. Alisikia wivu, tena mkali kuliko wa jana. Hata wema kamenishinda! Kumbe ndiyo maana mama alikapenda.

Kulipopambazuka ukoo ulikusanyika. Mjomba akafunua cha Salma: kimesimama. Akafunua cha Mwanakombo: kimesimama, lakini unga uliokuwa mweupe pee sasa ulikuwa mwekundu.

Hapo Bi Amina, mke wa mjomba, akapiga kigelegele kilichowarusha kunguru.

"Mwanaidi ameugeuza! Ameukataa unga wa mashine, akamtilia mwanawe mtama kwa mkono wake! Jamani, ampende vipi tena?"

Wanawake wakamvamia Mwanakombo, wakamkumbatia, wanalia. Mjomba akakitoa kikapu mikononi mwa Salma, akamkabidhi dada yake. Salma alikuwa akitabasamu. Lile tabasamu, ndugu yangu, ndilo lililoharibu kila kitu.

"Sikitaki!" Mwanakombo akapiga kelele. "Mama hakugeuza kitu! Ni huyu! Nimemwona alfajiri. Unga wangu ulianguka, akauinua yeye. Mnafikiri nitaishi na fadhila za huyu mpaka nife? Mpeni kikapu chake!"

Tabasamu la Salma likafutika, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe akamfokea dada yake.

"Hata kupewa hujui! Unadhani nilikuinulia wewe? Unga wako ulipoteleza jana nilifurahi. Nilifurahi mpaka usingizi ukaniruka, nikajionea haya mbele ya mama, ndiyo maana nikaja."

"Ulifurahi? Wewe? Mimi nimekukosea nini?"

"Nimemuuguza mama mwaka mzima," Salma akasema, na sauti ilikuwa inamkatika. "Nimemlisha, nimemwogesha. Kila nikimpa maji anasema, 'Ahsante, Mwanakombo.' Kila nikimgeuza, 'Umekuja, Mwanakombo?' Mpaka siku anakata roho. Jina langu hakulitaja hata mara moja. Halafu unakuja hapa kuniambia una wivu!"

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwanakombo alikaa chini palepale penye majani, kanga ikamvuka begani asiirudishe. Mungu amsamehe, kitu cha kwanza kilichompata kilikuwa furaha: amemshinda. Furaha ile haikufika hata kooni. Alimwona mama kitandani anaita, na yeye Magomeni anachagua kanga za sikukuu.

"Aliniita?"

"Kila siku."

"Na wewe uliitika?"

"Ningefanyaje? Niliitika."

Mwanakombo akalia, kilio alichokuwa hajakilia tangu msiba. Mjomba Hamisi akakiweka kikapu chini katikati yao, akawaambia watu twendeni tukachemshe uji.

Walipobaki wawili Mwanakombo akafuta kamasi, akakivuta kikapu, akachungulia ndani. Ulikuwa umebaki unga kidogo wa mtama. Akaufinya, ukashikana.

"Mwakani nakuja wiki moja kabla," akasema. "Tuutwange pamoja."

"Karibu, dada."

"Na mchi mzito nashika mimi."

"Shika," akasema Salma. "Umezoea kusagiwa mashineni, tutaona utafika wapi."